Python kwa wanaoanza: Ukikosea mpangilio wa agumenti, hesabu inageuka

Mteja anadaiwa shilingi 50,000 dukani, leo kalipa 20,000. Programu uliyoandika inakuambia salio la deni ni -30000, yaani sasa duka ndilo linadaiwa! Na Python haijaonyesha kosa lolote. Shida iko wapi?

Angalia kwanza mpangilio wa agumenti zako.

Agumenti ni nini?

Fanksheni ni kipande cha programu kinachofanya kazi fulani kila unapokiita. Mfano:

def salio(deni, malipo):
    return deni - malipo

Majina yaliyo kwenye mabano, deni na malipo, ni parameta. Thamani unazozipeleka wakati wa kuiita fanksheni ndizo agumenti.

Python inafuata nafasi

salio(50000, 20000) inaleta 30000. Safi.

salio(20000, 50000) inaleta -30000. Python haijui lipi ni deni. Ya kwanza inaiweka kwenye deni, ya pili kwenye malipo, basi.

Halafu usiandike 50,000 ndani ya mabano. Koma hutenganisha agumenti, kwa hiyo zitasomwa mbili: 50 na 0. Andika 50000, au 50_000 kama unatumia Python 3.6 kwenda juu.

Taja majina

salio(malipo=20000, deni=50000) inaleta 30000 hata kama umegeuza mpangilio.

Unaweza pia kuchanganya: salio(50000, malipo=20000). Ila zisizo na jina lazima zitangulie, la sivyo utapata SyntaxError.

Kama mteja hajalipa kitu?

Weka thamani ya kuanzia:

def salio(deni, malipo=0):
    return deni - malipo

Sasa salio(50000) inaleta 50000. Bila hiyo malipo=0, ungepata TypeError kwa sababu agumenti moja imekosekana.

Lazimisha majina

Kwenye Python 3, ongeza nyota mwanzoni:

def salio(*, deni, malipo=0):
    return deni - malipo

Kuanzia hapo, salio(20000, 50000) inakataliwa kwa TypeError. Mtu akitaka jibu, lazima ataje deni ni lipi na malipo ni yapi.

Usiogope hayo maandishi ya kosa. Bora programu ikugomee mapema kuliko ikuharibie daftari la madeni kimyakimya.