Amri ya Kuhubiri Injili na Njia ya Ukutu: Historia na Funzo kwa Walinganiaji

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Katika vijiji ambavyo Waislamu na Wakristo wanaishi mlango kwa mlango, kama hivi vyetu vya Kisaki na tambarare yote iliyo chini ya milima ya Uluguru, vijana wa madrasa huuliza swali moja mara kwa mara: kwa nini Mkristo hachoki kutuhubiria, hali anajua kuwa sisi tuna dini yetu? Wako wanaowajibu kuwa ni uadui tu. Wako wanaosema ni fedha za kutoka Ulaya. Majibu hayo ni mepesi, na maulamaa wa usuli wametufundisha kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Basi na tulifahamu kwanza, kisha tupime.

AMRI YENYEWE

Mkristo anayehubiri anajiona anatekeleza faradhi. Tegemeo lake kubwa ni mwisho wa Injili ya Matayo, sura ya 28, ambako Yesu anawaagiza wanafunzi wake wawaendee mataifa yote, wawafanye wanafunzi na wawabatize. Agizo linalofanana na hilo limo katika Marko 16:15. Naye Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho 9:16, anaeleza kwamba kuhubiri kwake si jambo la kujisifia, kwa kuwa amelazimishwa, na ole wake asipohubiri.

Wanafunzi wa fiqhi watapendezwa kujua kwamba Wakristo wenyewe walikhitalifiana juu ya nani anayekusudiwa na amri hiyo. Kwa muda mrefu baada ya Martin Luther, wengi katika Waprotestanti waliona kuwa agizo lile waliambiwa mitume peke yao na likaisha nao. Mwaka 1792 mhubiri Mwingereza, William Carey, aliandika kitabu kidogo akipinga rai hiyo. Alisema amri ingali inawafunga Wakristo wa kila zama, na kwamba kukaa kitako ni uasi. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akasafiri kwenda India. Katika miongo iliyofuata vyama vya kimisionari viliundwa kimoja baada ya kingine Uingereza, Ujerumani na kwingineko. Kwa lugha yetu, tunaweza kusema jambo lililohesabiwa kuwa limekwisha wakati wake lilirudishwa kuwa faradhi hai. Haya ndiyo yaliyowaleta pwani ya Afrika Mashariki.

BARUA YA SAYYID SAID

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, aliwasili Unguja. Sayyid Said bin Sultan, mtawala Muislamu wa madhehebu ya Ibadhi, alimpokea na kumpa barua kwa magavana wake wa pwani. Barua ilieleza waziwazi kuwa mtu huyu ni mwema, anataka kuwaongoza watu kwa Mungu, na ikaamuru atendewe vyema. Krapf akaweka makazi Mombasa. Huko alianza kazi ya kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hili. Kadhi hakuogopa kukaa meza moja na mhubiri, wala hakuacha dini yake kwa kukaa naye. Watu wa Mombasa nao walibaki katika Uislamu wao. Dini iliyokuwa na vyuo, misikiti na wanazuoni haikutikiswa na mgeni mmoja mwenye kitabu. Krapf na mwenzake Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846, waliishia kuelekeza nguvu zao Rabai na bara.

TOKA BAGAMOYO HADI ULUGURU

Wakatoliki walikuja kwa njia nyingine. Mapadri kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1863 kazi yao ikachukuliwa na Shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka 1868 Padri Antoine Horner akafungua kituo Bagamoyo. Hapo walikusanywa watumwa, wengi wao watoto. Baadhi walikombolewa kwa fedha sokoni, na wengine walitolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Walifundishwa dini, kilimo na ufundi, wakaozwa, kisha wakatumwa bara kuwa mbegu ya vijiji vya Kikristo. Kituo cha Mhonda katika milima ya Nguru kilianzishwa mwaka 1877, cha Morogoro mwaka 1882, cha Tununguo mashariki ya Uluguru mwaka 1884, na cha Matombo mwaka 1897.

Tuseme haki katika hili, maana Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratul Maida aya ya 8 kwamba chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Wale watoto walipata chakula, dawa na hifadhi, na mapadri wengi walikufa kwa homa wakiwahudumia. Lakini haki pia inatutaka tuulize: mtoto aliyenunuliwa, asiyejua kwao ni wapi, ambaye chakula chake, mke wake na shamba lake viko mikononi mwa padri, je, alikuwa na nafasi ya kusema hapana? Maisha ya vijiji vile yalikuwa na kengele, kazi na adhabu, na wako waliotoroka. Ubatizo wa namna hiyo unaacha swali ambalo hata waandishi wa historia Wakatoliki wamelijadili.

VITA VYA 1888 NA 1889

Tukio moja linaeleza zaidi kuliko hoja nyingi. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kuitwaa pwani, watu waliinuka, na Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi wao mashuhuri. Januari 1889 kituo cha Wabenediktini wa Kijerumani pale Pugu, ambacho hakikuwa kimetimiza miaka miwili, kilishambuliwa. Baadhi ya watumishi wake waliuawa na wengine wakatekwa. Lakini kituo cha mapadri wa Bagamoyo, kilichokuwa katikati ya uwanja wa vita, hakikuguswa. Maelfu ya wakimbizi walijihifadhi humo, na Padri Étienne Baur ndiye aliyesimamia mazungumzo ya kuwakomboa mateka wa Pugu.

Pande zote mbili walikuwa mapadri, Wakatoliki, wenye amri ileile ya kuhubiri. Tofauti ilikuwa kwamba wa Bagamoyo walikuwa wamekaa na watu miaka ishirini kabla ya bendera ya Kijerumani, na wa Pugu walionekana wamekuja pamoja nayo. Watu wa pwani, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, walijua kupambanua baina ya anayehubiri na anayetawala. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na baada yake ikawa vigumu zaidi na zaidi kumtazama mmisionari bila ya kuiona serikali nyuma yake. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa njiani kusini, na vituo kadhaa vikachomwa moto.

UKUTU NA UPANDE WETU

Sasa tuje nyumbani. Bonde la Mgeta lilikuwa njia kuu ya misafara kabla vituo vile havijajengwa. Richard Burton na John Speke walipita Ukutu mwaka 1857 na wakafikia Zungomero, eneo la Kisaki, ambako misafara ya pwani na ya bara ilikutana. Burton aliikuta nchi iliyochoshwa na uporaji na utekaji wa watu. Baadaye misafara mingi ilihamia njia ya kaskazini kupitia ngome ya Simbamwene, ambapo leo ni mji wa Morogoro. Wamisionari walifuata njia hiyo mpya na mabonde yenye baridi ya milimani. Kwa jumla, milima ikawa na Wakatoliki wengi, na tambarare za Ukutu zikawa na Waislamu wengi.

Je, tujisifu kwa hilo? Tusifanye haraka. Kwa miongo mingi wafanyabiashara wa pwani walipita njia hii wakiwa na tasbihi mkononi na minyororo begani mwa watu. Wengi wao hawakuwalingania watu wa bara hata kidogo, kwani dini kwao ilikuwa alama ya uungwana, na mtu wa bara alikuwa mshenzi wa kuuzwa. Mmisionari alipomtazama mtumwa, alimwona mtu anayestahiki kuambiwa habari za Mungu. Wale jamaa zetu walimwona bidhaa. Historia hii ni chungu, lakini kuificha hakumsaidii mlinganiaji.

Uislamu ulishika mizizi bara pale ulipobebwa na watu wa namna nyingine: mwalimu wa chuo aliyeoa kijijini, mchukuzi wa mizigo aliyerudi kwao akiwa anajua kuswali, na masheikh wa twariqa, hasa Qadiriyya, tangu mwisho wa karne ya 19. Mfano mkubwa ni Sheikh Yahya bin Abdallah wa Bagamoyo, maarufu Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Kongo, akasoma, akawa sheikh mkubwa wa twariqa ambaye waungwana walimbusu mkono. Mtu wa bara akimwona sheikh kama yule, hahitaji kuambiwa kuwa dini hii ni yake pia. Ni kweli vilevile kwamba maakida na askari Waislamu wa serikali ya Kijerumani waliufanya Uislamu uonekane dini ya wenye cheo, na wamisionari walililalamikia jambo hilo. Nao katika mkutano wao mkubwa wa Edinburgh mwaka 1910 walijadili kwa wasiwasi kuenea kwa Uislamu barani Afrika.

SHULE NA MIHADHARA

Chini ya Waingereza, silaha kubwa ya kuhubiri ikawa shule. Kuanzia sera ya mwaka 1925 serikali ilitoa ruzuku kwa shule za misheni, na sehemu kubwa ya elimu ikawa mikononi mwao. Mzazi Muislamu alikabiliwa na mambo mawili mazito: ampeleke mwanawe akahofie imani yake, au amzuie akose elimu. Wengi waliwazuia, na athari yake katika vyeo na ajira ilionekana hata baada ya uhuru wa mwaka 1961. Shule nyingi za misheni zilitaifishwa kufuatia sheria ya elimu ya mwaka 1969.

Kuanzia miaka ya 1980, kwa kuathiriwa na Sheikh Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, wahubiri wetu nao walitoka na Biblia mkononi katika mihadhara ya hadhara. Walimpa Muislamu wa kawaida ujasiri wa kujibu. Lakini baadhi ya viwanja viligeuka vya kejeli, na malalamiko ya kukashifiana yakafika serikalini. Februari 1998, katika tukio la msikiti wa Mwembechai Dar es Salaam lililotanguliwa na malalamiko ya aina hiyo, watu waliuawa kwa risasi. Damu ya Muislamu ni nzito, na anayeshika kipaza sauti lazima akumbuke ilivyomwagika.

MIZANI YA SHARIA

Sisi nasi tuna amri ya kufikisha. Ali Imran aya ya 104 inataka liwepo kundi linaloita kwenye kheri, na maulamaa wengi wameifahamu kuwa ni faradhi ya kutosheleza, ingawa kila mmoja ana sehemu yake kwa kadiri ya elimu yake. Suratun Nahl aya ya 125 inaweka namna yake: hekima, mawaidha mazuri na kujadiliana kwa njia iliyo bora. Al-Ankabut aya ya 46 inawataja Watu wa Kitabu hasa. Al-Baqara aya ya 256 inakataza kulazimisha.

Tazama Salaf walivyotekeleza. Ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipokuja Madina, Mtume (s.a.w.) aliwapokea na kujadiliana nao, na wapokezi wa Sira wanasema waliswali swala yao msikitini mwake. Wakarudi kwao salama bila ya kusilimu. Katika tafsiri ya aya ya 256 imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa na mtumwa Mkristo. Alikuwa akimwita katika Uislamu, mtumwa anakataa, na Umar anasoma aya hiyo kisha anamwacha. Huyu ni Amirul Muuminin mbele ya mtu aliye chini ya miliki yake! Ipime Bagamoyo kwa mizani hii, kisha upime nayo misafara ya Zungomero. Zote mbili zitapungukiwa.

HITIMISHO

Kwa hiyo jibu kwa kijana aliyeuliza ni hili. Mkristo anakuhubiria kwa sababu anaamini ameamrishwa, kama wewe ulivyoamrishwa. Kuhubiri kwake si kosa, na ibara ya 19 ya Katiba ya nchi yetu inampa haki hiyo yeye na wewe. Lawama inaingia kwenye nyenzo: chakula, dawa, shule au cheo vikifanywa bei ya imani ya mtu. Hilo ni baya likifanywa na padri, na ni baya likifanywa na sheikh.

Mhubiri akifika kijijini, imamu amsikilize kwa adabu na amjibu kwa elimu. Kisha arudi aangalie chuo chake: kina mwalimu? Mtoto yatima wa jirani anakula? Mgonjwa ana wa kumpeleka hospitali? Pale ambapo majibu ya maswali hayo ni hapana, usimlaumu mgeni aliyekuja kuyajibu kwa niaba yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mazuri zaidi. Wabillahi tawfiq.