Shahidi Awe Aliyetendewa

Februari 1874, msafara wa watu waliochakazwa na njia uliingia Bagamoyo na mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Walikuwa wameutoa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwendo wa miezi tisa hivi na zaidi ya kilomita 1,500. Moyo waliuzika kule kule, chini ya mti. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, ndiye aliyeshika kisu. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauvika nguo na magome ya mti, na baadaye wakaufunga kama mzigo wa bidhaa, kwa kuwa njiani walikuwapo wasiotaka maiti ipite kwao. Hakuna aliyewatuma. Bwana wao alikuwa amekufa na hakuwepo wa kuwadai lolote. Chuma na Susi, walioongoza msafara, wangeweza kumzika palepale wakashika njia zao, na nani angewalaumu?

Pwani walilipwa ujira wao, wakaagwa. Mwezi Aprili Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, na jiwe la kaburi lake linasema aliletwa na mikono aminifu. Mikono ya nani, halisemi. Nishani zilizotengenezwa baadaye kwa ajili ya watu wale zilikuta wengi wao wameshatawanyika.

Kaburi hilo linaonyesha ugonjwa wa siku nyingi: wema wa mtu wa kawaida huingia katika kumbukumbu kwa mgongo wa mkubwa, na ukishaingia, jina la mwenyewe hudondoka.

Si kila zama zilikubali hali hiyo. Waroma wa kale walikuwa na taji la majani ya mwaloni kwa askari aliyemwokoa raia mwenzake vitani. Halikuwa la dhahabu, lakini mvaaji wake alipoingia kwenye michezo hata maseneta walisimama. Kinachonigusa zaidi ni sharti lake. Aliyeokolewa mwenyewe ndiye aliyepaswa kukiri kwamba ameokolewa, na tangu siku hiyo kumheshimu mwokozi wake kama mzazi. Mashahidi wengine hawakutosha.

Karne nyingi zikapita, sanamu zikawa za wafalme na majemadari. Mwaka 1887, Uingereza ikisherehekea miaka 50 ya Malkia Victoria kitini, mchoraji G. F. Watts aliandika gazetini akitaka wakumbukwe watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Ukuta wake wa kumbukumbu ulifunguliwa 1900 katika bustani ya Postman's Park, London. Humo limo jina la Alice Ayres, aliyeishi kwa dada yake akimsaidia kulea. Nyumba iliposhika moto usiku mmoja wa 1885, alitupa godoro dirishani, akawadondosha juu yake watoto wa dada yake mmoja baada ya mwingine. Ilipofika zamu yake alianguka vibaya, akafa. Ukuta ule umetenda haki kubwa, ila sharti lake ni zito mno: ili uandikwe, lazima ufe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, sharti la Waroma lilirudi kwa namna yake. Tangu 1963 taasisi ya Yad Vashem, Jerusalem, inawatambua wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi mikononi mwa Wanazi, na nguzo ya kazi hiyo ni ushahidi wa waliookolewa. Majina yamepita 28,000. Wamo wakulima, wamo watawa, na yumo Mohamed Helmy, daktari Mmisri wa Berlin, aliyetambuliwa 2013 akiwa amefariki zaidi ya miaka 30 nyuma.

Jirani zetu wa Rwanda wana Zura Karuhimbi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, bibi huyu wa Ruhango aliwaficha watu zaidi ya 100 katika kijumba chake na shamba lake. Hakuwa na silaha, ila sifa ya uganga na uchawi. Wauaji walipokuja alijipaka majani ya kuwasha, akayapaka na nyumba, akatikisa bangili zake na kuwatishia hasira ya mizimu. Waliomgusa walibaki wakijikuna. Nishani alipewa 2006, akiwa hai, na alifariki 2018.

Hapa Tanzania, tarehe 6 Novemba 2022, ndege yenye watu 43 ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba, wavuvi walikuwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, 24 wakaokoka. Mmoja wa wavuvi hao, Majaliwa Jackson, alizawadiwa shilingi milioni 1 na kupewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili kabisa. Lakini wenzake waliopiga makasia ziwa lile lile asubuhi ile, nani anawataja?

Na upo wema usio na moto wala maji. Mama ntilie anamtambua mwanafunzi aliyeishiwa, hamwulizi kitu, anamwongezea upawa wa maharage juu ya wali, na habari ya pesa anasema, "Utaleta." Kamati ya nishani haitamfikia, maana shahidi wake ni mmoja tu, na huyo amenyamaza. Sisi ushahidi wa namna hii tunautunza hadi msibani. Wasifu wa marehemu unasomwa: amezaliwa, amesoma, ameajiriwa, ameacha mjane na watoto. Kisha jirani anaomba kipaza sauti na kueleza jinsi marehemu alivyomlipia mwanawe ada mwaka aliorudishwa nyumbani. Waombolezaji wanatazamana, hata mke wa marehemu hakujua. Aliyestahili kuyasikia maneno yale yumo ndani ya jeneza. Jambo hili linaniuma kila ninapolishuhudia.

Mikutano ya vijiji na mitaa yetu huwa na ajenda ya mengineyo. Tuanzie hapo. Aliyetendewa asimame, amtaje aliyemtendea kwa jina lake kamili, na afisa mtendaji aliandike kwenye muhtasari. Haihitaji bajeti wala mgeni rasmi. Nawe msomaji, kama yupo mtu uliyekusudia kumshuhudia siku ya msiba wake, nenda kwake wiki hii ukamwambie.