Matini, Hashia na Umeme Unaokatika: Historia ya Taswira za Diski za Nakili-Unapoandika Ikisomwa kutoka Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya taswira za diski za mashine pepe zinazotumia mbinu ya nakili-unapoandika, kuanzia mfumo wa TENEX hadi toleo la tatu la qcow2. Hoja yake ni kwamba mvutano mkuu katika historia hiyo haukuhusu ukubwa wa faili bali kile kinachobaki pale umeme unapokatika kazi ikiwa katikati. Swali hilo, ambalo wabunifu wengi walilihesabu kuwa la nadra, Bujumbura ni la kila siku, na kwa hiyo ni suala la sera kabla ya kuwa suala la mafundi.

1.0 Utangulizi

Msomi wa vitabu vya kale vya Kiislamu, awe wa Lamu, wa Ujiji au wa mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, anaujua ukurasa wenye matini katikati na hashia pembezoni. Mwanachuoni anayekuja baadaye hafuti neno la aliyemtangulia. Huiacha matini kama ilivyo, akaandika pembeni pale tu anapokuwa na la kusema. Mahali pasipo na hashia, msomaji hurudi kwenye matini.

Mpangilio huo ndio moyo wa mbinu inayojadiliwa hapa. Mashine pepe ni programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine, na diski yake ni faili tu, ambalo huitwa taswira ya diski. Badala ya kuipa kila mashine nakala nzima ya mfumo endeshi, mafundi huweka faili moja la msingi lisiloguswa, yaani matini, kisha kila mashine hupewa faili lake dogo la hashia. Ikisoma, hutazama hashia kwanza. Isipokuta kitu, huenda kwenye matini. Ikiandika, sehemu inayohusika hunakiliwa kwenye hashia na kubadilishwa humo. Ndiyo maana ya nakili-unapoandika: kunakili huahirishwa hadi kuandika kulazimishe.

Faida yake inahesabika. Maabara ya wanafunzi 40 wenye mfumo wa gigabaiti 8 kila mmoja ingehitaji gigabaiti 320 kwa nakala kamili. Kwa matini moja na hashia za nusu gigabaiti, inahitaji 28. Kwa chuo kinachonunua diski kwa fedha za kigeni, tofauti hiyo si ndogo.

2.0 Kutoka kurasa za kumbukumbu hadi faili la diski

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mashine pepe za leo. Mfumo wa TENEX, ulioandikwa na kampuni ya BBN ya Marekani kwa ajili ya kompyuta ya PDP-10 na kuelezwa katika makala ya mwaka 1972, uliruhusu programu kadhaa kutumia ukurasa mmoja wa kumbukumbu mpaka mojawapo ilipotaka kuuandika. Hapo tu ndipo ilipopewa nakala yake. Mifumo ya jamii ya Unix iliichukua mbinu hiyo baadaye. Kumbukumbu, hata hivyo, hupotea umeme ukizimika, na kila mtu analitarajia hilo. Kuihamishia mbinu hii kwenye diski kulimaanisha kuipa ahadi mpya, ahadi ya kudumu, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia.

User Mode Linux, mradi wa Jeff Dike ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulitumia njia nyepesi: faili lenye orodha ya biti, biti moja kwa kila kipande cha diski, kuonyesha kama kipande hicho kimeshaandikwa upya au bado kimo katika matini. Kila kipande kilikaa mahali pake pa asili, na nafasi zisizotumika ziliachwa tupu kwa kutegemea uwezo wa mfumo wa faili wa kuhifadhi mashimo. QEMU, programu aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, ililipokea umbizo hilo. Lakini si kila mfumo wa faili ulijua kuhifadhi mashimo, na mtu aliyelinakili faili kwenye diski nyingine aliweza kulikuta limevimba. Mwaka 2004 QEMU ikapata umbizo lake lenyewe, qcow, ambalo lilibeba majedwali yake ndani na kukua kadiri data ilivyoandikwa.

Kampuni za biashara zilikuwa na njia zao. VMware ilikuwa na VMDK, na Microsoft ilirithi VHD iliponunua teknolojia ya Connectix mwaka 2003. Historia ya qcow ndiyo inayofaa kuchunguzwa zaidi, kwa sababu mabishano yake yalifanyika hadharani.

3.0 Hesabu ya marejeo

Toleo la pili, qcow2, lilitokea mwaka 2006. Hugawa diski katika vipande viitwavyo klasta, ambavyo kwa kawaida ya leo vina kilobaiti 64 kila kimoja. Jedwali la ngazi ya kwanza huelekeza kwenye majedwali ya ngazi ya pili, na haya huelekeza kwenye klasta zenyewe. Jedwali moja la ngazi ya pili hujaza klasta moja, lina maingizo 8,192, na hivyo hufunika megabaiti 512 za diski. Ingizo tupu humaanisha: rudi kwenye matini.

Jambo jipya lilikuwa uwezo wa kuhifadhi hali nyingi za diski, za nyakati tofauti, ndani ya faili moja. Kutokana na hilo, klasta moja inaweza kuwa mali ya hali mbili au tatu kwa wakati mmoja. Ilibidi basi kila klasta iwe na hesabu ya marejeo. Sifuri ni klasta huru. Moja, ina mwenyewe. Mbili au zaidi, ni ya ushirika, na haiandikwi kabla ya kunakiliwa. Kila mwenye duka anayeweka daftari la bidhaa na daftari jingine la wadeni anaujua ugumu uliofuata: madaftari mawili yanayosema habari moja lazima yakubaliane, na hayaandikwi kwa mkono mmoja kwa dakika moja.

Mashine inapoandika mahali papya, mambo matatu lazima yafike kwenye diski: data yenyewe, hesabu ya marejeo, na ingizo la jedwali. Umeme ukikatika hesabu ikiwa imeshaandikwa na ingizo bado, kinachopotea ni nafasi. Klasta inahesabiwa kuwa ina mwenyewe ilhali hakuna anayeielekea. Mpangilio ukigeuka, ingizo likatangulia hesabu, klasta yenye data ya mtu inaonekana huru, na siku chache baadaye hupewa mwandishi mwingine. Huo wa pili ni uharibifu, na ubaya wake ni kwamba hauonekani siku ya tukio.

Ili mpangilio uwe salama, programu lazima mara kwa mara iiamuru diski kumwaga yote iliyoyashika katika kumbukumbu yake ya muda, kisha isubiri. Kusubiri huko ndiko kulikoipa qcow2 ya mwanzo sifa ya uzito. Palikuwa na gharama nyingine pia: kuandika kilobaiti 4 kwenye klasta isiyokuwamo katika hashia kulilazimu kilobaiti 64 nzima zijazwe, sehemu kubwa zikitoka kwenye matini. Gharama hii ilipunguzwa mwaka 2020 tu, klasta ziliporuhusiwa kugawanywa katika vijisehemu 32.

4.0 Mvutano wa mwaka 2010 na matokeo yake

Mwaka 2010 wahandisi wa IBM, Stefan Hajnoczi na Anthony Liguori, walipendekeza umbizo jipya, QED. Hoja yao ilikuwa ya kuvutia kwa urahisi wake: ondoa hesabu ya marejeo kabisa. Daftari likibaki moja hakuna la kusuluhisha. Kichwa cha faili kingebeba alama moja tu ya kusema kwamba kazi haikufungwa vizuri, na faili likifunguliwa tena baada ya ajali, majedwali yangepitiwa yote na kurekebishwa. Mwaka 2011 Chunqiang Tang, naye wa IBM, alileta FVD, akidai kwamba kufuatilia kipi kimebadilika na kugawa nafasi ni kazi mbili zisizopaswa kufungwa pamoja. Upande wa pili, Kevin Wolf wa Red Hat na wenzake walishikilia kwamba qcow2 inaweza kutengenezwa bila kuwahamisha watumiaji wake.

Upande huo wa pili ndio ulioshinda, ingawa haukushinda bila kuazima. Toleo la tatu la qcow2 lilitoka mwaka 2012, na mwaka huohuo Hajnoczi mwenyewe aliiongezea qcow2 hesabu za marejeo zinazoahirishwa, yaani wazo la QED likiwa limevaa vazi la mpinzani wake. FVD haikuingizwa katika QEMU. QED imo hadi leo kwa ajili ya mafaili ya zamani, na watumiaji wapya huelekezwa kwenye qcow2. Mwaka huohuo wa 2012 Microsoft ilitoa VHDX, ambayo huandika mabadiliko ya majedwali yake kwenye kumbukumbu ya shughuli kabla ya kuyatekeleza, kwa lengo lililotajwa waziwazi la kuvumilia kukatika kwa umeme. Watu waliokuwa mbali na wenye maslahi tofauti walifika penye swali lilelile.

Kuahirisha hesabu si zawadi ya bure. Huharakisha kazi siku za kawaida na kuhamishia gharama kwenye siku ya ajali, pale faili linapolazimika kukaguliwa lote kabla ya kutumika. Ndiyo sababu, pengine, wabunifu waliiacha hali hiyo ikiwa imezimwa mpaka mtumiaji aiombe. Uamuzi huo unakisia jambo moja: kwamba mtumiaji anajua ajali zake ni ngapi kwa mwaka.

5.0 Usomaji wa Bujumbura

Umeme wa Bujumbura hutegemea kwa sehemu kubwa maporomoko ya maji: Rwegura yenye megawati 18, Mugere, na mitambo ya mto Ruzizi, ambako Ruzizi II inatumiwa kwa ushirika na Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maji yakipungua wakati wa kiangazi, mgawo huongezeka. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umeifanya jenereta nayo isiwe ya kutegemewa. Katika mji kama huu, mpangilio wa maandishi uliojadiliwa hapo juu unaamua kama matokeo ya mitihani yatasomeka Jumatatu.

QEMU ina hali ya kuhifadhi inayoitwa unsafe, yaani isiyo salama, ambayo hupuuza amri za kumwaga. Mashine hukimbia, na fundi husifiwa. Jina lake lenyewe ni onyo, lakini waraka wa zabuni hauombi jina, huomba kasi. Pale ambapo betri za akiba zimechoka, mpangilio makini uliobishaniwa kwa miaka kadhaa unafutwa na neno moja katika faili la usanidi. Mshauri wa sera anayeandika masharti ya ununuzi wa seva ana nafasi ya kulikataza neno hilo, na ni nafasi isiyogharimu chochote.

Suala la pili ni njia ya mawasiliano. Burundi haina bahari. Mikongo ya SEACOM na EASSy ilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, na trafiki ya Bujumbura huifikia kwa kupitia nchi jirani. Hapa muundo wa matini na hashia unafaa sana: matini nzito hupelekwa Ngozi au Gitega mara moja kwa diski ya mkononi, na hashia nyepesi husafiri kwenye mtandao. Ila hashia bila matini yake si kitu. Haiwezi kusomwa hata nusu, na matini ikibadilishwa kwa baiti chache tu na fundi mwenye nia njema anayetaka kuisasisha, hashia zote zilizoiegemea huharibika bila kutoa sauti. Watafiti wa historia ya nchi hii hawahitaji kuelezwa maana ya kuwa na maelezo mkononi huku matini ikiwa kwingine: sehemu kubwa ya nyaraka za utawala wa Ubelgiji katika Ruanda-Urundi iko Brussels.

Usalama nao ulifuata njia hiyohiyo ya kuegemea. Mwaka 2008 iliwekwa hadharani kasoro iliyotokana na QEMU kubashiri umbizo la faili kwa kutazama mwanzo wake. Mgeni ndani ya mashine pepe mwenye diski isiyo na umbizo aliweza kuandika kichwa cha qcow2 mwanzoni mwa diski yake, akataja faili la mwenyeji kuwa ndiyo matini, na mashine ilipowashwa tena akalisoma. Ilichukua hadi mwaka 2021 ndipo QEMU ikakataa kuunda hashia ambayo umbizo la matini yake halikutajwa waziwazi. Seva zinazoendesha matoleo ya zamani zaidi ya hapo bado zinabashiri pale zisipoelekezwa.

Umeme unaporudi, programu ya qemu-img ina amri ya ukaguzi, na hutoa hesabu mbili tofauti: klasta zilizovuja na klasta zenye makosa. Za kwanza hurejeshwa kwa usalama. Zikionekana za pili, mashine haipaswi kuwashwa kabla faili halijanakiliwa kando. Ukaguzi huo huchukua muda unaokua pamoja na ukubwa wa faili, na huo ni muda ambao ofisi imefunguliwa na watu wamepanga foleni. Anayepaswa kuwa na mamlaka ya kusema wasubiri lazima atajwe katika mwongozo wa kazi kabla ya umeme kukatika.