Mzigo wa Frasila Mbili: Nguvu za Wapagazi wa Unyamwezi

SOMO LA HISTORIA KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Tazameni ramani iliyo ukutani. Wekeni kidole Bagamoyo, pwani. Kivuteni polepole kwenda magharibi. Piteni Ugogo, fikeni Tabora, kisha endeleeni mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Hiyo ndiyo njia kuu ya misafara ya zamani. Mara nyingi tukiitaja njia hii tunasema habari za masultani, wafanyabiashara na wageni wa Ulaya. Leo tutasema habari za watu waliobeba mizigo yao.

Kila mmoja wenu amebeba kitu maishani: ndoo ya maji, mtumba wa kuni, gunia la mahindi. Na vijana wanaocheza mieleka au ngumi huinua vyuma na mawe ili wapate nguvu. Wote hao wana swali moja: mtu atapataje nguvu bila kuuharibu mwili wake? Wanyamwezi walikuwa na jibu zaidi ya miaka 150 iliyopita. Tulitazame jibu hilo kwa sehemu nne.

1. Walianza na kidogo

Mwezi wa Novemba 1857, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Tabora, mahali palipoitwa Kaze wakati ule. Safari yao kutoka pwani ilikuwa imechukua siku 134. Burton aliandika mengi juu ya wapagazi. Alisema kwamba kwa Wanyamwezi kazi ya upagazi ilikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba mtoto wa miaka sita au saba alikwisha anza kubeba kipembe kidogo cha ndovu begani.

Fikirini maana yake. Mtoto hakupewa mzigo wa baba yake. Alipewa mzigo wa kadiri yake, na mzigo uliongezeka kadiri alivyokua. Wayunani wa kale nao walisimulia habari za Milo wa mji wa Croton, bingwa wa mieleka aliyeshinda mara sita katika michezo ya Olympia. Inasimuliwa kwamba alimbeba ndama kila siku, na ndama alipokuwa fahali, Milo alikuwa bado anambeba. Hadithi hiyo huenda imetiwa chumvi, lakini fundisho lake ni la kweli. Misuli hukua upesi. Kano zinazoifunga misuli kwenye mifupa hukawia. Mtu anayeongeza uzito kwa haraka huwa na misuli iliyo tayari na kano zisizo tayari, na hapo ndipo anapoumia.

2. Mzigo ulikuwa na kipimo na umbo

Siku zile watu walipima kwa frasila. Frasila moja ni kama ratili 35, yaani karibu kilo 16. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi, mbali na silaha na vitu vyake mwenyewe. Burton aliona kwamba huo ulikuwa kama ukomo wa mzigo wa mtu mmoja. Pembe iliyokuwa nzito kupita kiasi ilifungwa kwenye mti, ikabebwa na watu wawili. Haikuwa aibu kusaidiana.

Tena tazameni jinsi walivyofunga mzigo wa nguo. Nguo zilikunjwa ziwe kama mto mrefu wa futi tano hivi, zikafunikwa kwa makanda, zikakazwa kwa kamba. Kisha mzigo uliwekwa katikati ya fito tatu au zaidi, ambazo zilikuwa matawi ya mti mmoja yaliyoungana upande mmoja, na upande wa pili ukafungwa kwa kamba. Fito hizo zilihifadhi umbo la mzigo na kuurahisisha kusimamishwa. Mzigo uliosimama, ulioegemea mti, hauinuliwi kama gunia lililolala chini. Mtu hupinda magoti kidogo, huutia begani, huondoka. Mgongo wake hauumii.

Watu wa pwani walipenda kubeba kichwani, bali Wanyamwezi walibeba begani. Bega moja likichoka, mzigo ulihamia la pili.

3. Kulikuwa na wakati wa kazi na wakati wa kupumzika

Msafara uliamka alfajiri. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia, na watu walifuata kwa nyimbo na baragumu. Jua lilipokuwa kali, kama saa tano, walikuwa wanatafuta kambi. Kutembea tena mchana kuliitwa kuterekeza. Walifanya hivyo kwa lazima tu, kama walipovuka Mgunda Mkali, lile pori lenye shida ya maji kati ya Ugogo na Unyamwezi, na wapagazi walikuchukia sana. Posho ya siku ilikuwa kibaba cha nafaka. Posho ikikosekana, mwendo nao hukosekana.

Tena wengi wao walikuwa wakulima. Walisafiri wakati wa kiangazi, na mvua zilipokaribia walitaka kuwa nyumbani washike jembe. Hivyo mabega yalipata miezi ya kupumzika.

4. Waliweza kukataa

Hili ndilo jambo kubwa katika somo letu. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru. Waliajiriwa kwa nguo, shanga au waya. Mzigo ukizidi, waligombana na mwenye mali, au waligoma, au walitoroka usiku. Wasafiri wa Ulaya waliwaita wakaidi. Lakini mtu anayejua ukomo wa mgongo wake na akausema si mkaidi. Ni fundi anayelinda chombo chake cha kazi.

Msidhani kwamba njia ile ilikuwa njia ya raha. Watumwa nao walipitishwa humo, na hao hawakuwa na ruhusa ya kukataa lolote. Ndui, njaa na vidonda vya miguu viliwaua watu wengi, na mgonjwa aliweza kuachwa njiani.

Sheria zilipovunjwa

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ilionekana kwamba kazi ya mabega imekwisha. Lakini mwaka huohuo wa 1914 vita vikaanza. Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji wote walihitaji wachukuzi, na waliwakamata watu vijijini kwa nguvu. Tabora yenyewe ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916.

Tazameni tofauti. Watu waliokamatwa hawakuchaguliwa kwa mazoea yao. Wengi hawakuwa wamepata kubeba mzigo wa safari. Walitembezwa katika mvua na baridi, chakula kilikuwa kichache au kibaya, na aliyetaka kukataa aliadhibiwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa wachukuzi karibu laki moja. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, malaria na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wachukuzi hao.

Mabega yalikuwa ya watu wa nchi zilezile. Kilichopotea ni kuanza na kidogo, kipimo, mapumziko, na ruhusa ya kusema “basi.”

Na sisi je?

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Lakini sokoni bado tunaona gunia la lumbesa, lenye kilemba juu, linalopita kilo 100, na kijana mmoja amelitia mgongoni. Lumbesa humwibia mkulima bei, na humwibia mchukuzi mgongo. Sheria ya vipimo inaikataza.

Nanyi vijana wa mieleka, msimnyanyue mwenzenu mzito katika juma la kwanza la mazoezi. Anzeni na wa kadiri yenu. Pindeni magoti, msipinde mgongo. Pumzikeni siku moja kabla ya kuongeza uzito. Kiungo kikiuma kwa ukali, acheni, na atakayewacheka mwacheni acheke.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mtoto wa Kinyamwezi alipewa pembe ndogo kwanza?
2. Fito za mzigo wa nguo zilisaidia nini?
3. Hesabu: wapagazi 40 walibeba kila mmoja frasila mbili. Jumla ni ratili ngapi?
4. Katika kazi yenu, ni nani anayeamua uzito wa mzigo? Je, mbebaji huulizwa?

Swali la nne lisiachwe. Lijibuni kwa sauti, kila mtu kwa zamu yake. Kwaherini.