Njia ya Ubingwa: Mafunzo ya Madaktari Afrika Mashariki, kutoka Mulago hadi Arusha

Katika historia ya tiba ya kisasa Afrika Mashariki, uamuzi wa daktari kubobea katika tawi hili au lile haujawahi kuwa wa hiari yake peke yake. Kwa takriban nusu karne ya mwanzo uamuzi wenyewe haukuwapo, kwa kuwa Mwafrika aliyesomea tiba hakuruhusiwa kupita daraja la usaidizi. Na ulipokuja kuwapo, ulitegemea zaidi mahali mafunzo yalipowekwa, nani aliyeyagharimia, na maradhi gani yalijaza wodi ambamo mwanafunzi alijifunzia kazi.

Serikali za kikoloni zilianzia chini kabisa. Mjini Dar es Salaam Wajerumani walikuwa na hospitali mbili zilizokamilika mwaka 1897: ile ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu, na ile iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji kwa ajili ya Waafrika na Waasia. Mwaka huohuo Albert Cook, daktari wa misheni ya Kianglikana, alianzisha Hospitali ya Mengo huko Buganda, na baadaye, Vita Kuu ya Kwanza ilipodhihirisha upungufu wa wahudumu, akaanza kuwafundisha vijana wa Kiganda kazi ya tiba kwa mpango. Tanganyika nayo, chini ya Waingereza, ikawaandaa madresa, yaani wahudumu wa kufunga vidonda na kugawa dawa chache za kawaida, waliowekwa vijijini chini ya tawala za wenyeji. Dresa alifundishwa kwa miezi, na mafunzo hayo hayakuwa daraja la kumpandisha kwenda popote.

Mabadiliko yalianzia Mulago, kilima cha Kampala ambako mwaka 1913 palifunguliwa kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Chuo cha Makerere kilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na kufikia mwaka 1924 wanafunzi wake wa tiba walikuwa wakifundishwa kwenye wodi za Mulago. Kwa muda mrefu hapo ndipo mahali pekee ambapo kijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika au Zanzibar angeweza kusomea udaktari bila kuvuka bahari. Waliohitimu walipewa cheo cha daktari msaidizi. Kwa cheo hicho waliwatibu wagonjwa, walizalisha na kupasua, lakini mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu, na mamlaka yao yalikuwa chini ya daktari yeyote wa Kizungu, hata aliyeshuka melini wiki iliyopita.

Si ajabu basi kwamba madaktari wasaidizi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuliza maswali ya kisiasa. Vedasto Kyaruzi, aliyesoma Makerere na kufanya kazi Dar es Salaam, alichaguliwa mwaka 1950 kuwa rais wa chama cha TAA, ambacho miaka minne baadaye kilizaa TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, na serikali ikamhamishia mbali na mji mkuu. Uhamisho ulikuwa fimbo nyepesi kuitumia, kwa kuwa mwajiri wa daktari wa Kiafrika alikuwa mmoja tu: aliyepanga kituo cha kazi alipanga pia aina ya tiba ambayo mtu angeifanya maisha yake yote. Kyaruzi mwenyewe hatimaye aliiacha wodi, na baada ya uhuru akaiwakilisha Tanganyika katika Umoja wa Mataifa.

Makerere ilipopandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1949, masomo ya tiba yalirefushwa na kukazwa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 baraza linalosimamia taaluma ya udaktari Uingereza likaitambua stashahada yake. Utambuzi huo ulikuwa na maana ya vitendo kuliko ya heshima: aliyehitimu Kampala sasa angeweza kuandikishwa kuwa daktari kamili na kwenda Uingereza kusomea ubingwa bila kuanza upya. Miongoni mwa wahitimu wa wakati huo alikuwamo Josephine Namboze, aliyemaliza mwaka 1959 na anayehesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa daktari. Hakufuata upasuaji, tawi lililokuwa na hadhi kuu kupita yote. Alifuata afya ya jamii, yaani tiba inayoishughulikia familia, maji, chakula na chanjo kabla mtu hajafika wodini, akawa profesa na baadaye mtumishi wa Shirika la Afya Duniani.

Mulago yenyewe ilikuwa ikiwaunda mabingwa wa namna ambayo vitabu vya Ulaya havikuitarajia. Hugh Trowell, mwalimu wa tiba ya ndani, alitumia miaka mingi kuuchunguza utapiamlo wa watoto uitwao kwashiakoo. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, na kazi yake ilimtaka akate na kushona. Lakini watoto waliokuja na uvimbe mkubwa wa taya, mara nyingine taya zaidi ya moja kwa pamoja, walimtoa kwenye chumba cha upasuaji na kumpeleka kwenye ramani. Baada ya kuueleza uvimbe huo katika makala ya mwaka 1958, alituma maswali na picha kwa hospitali nyingi barani, na mwaka 1961 akasafiri na wenzake wawili kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, safari ya maili takriban 10,000 kwenda na kurudi, akiuliza katika kila hospitali kama ugonjwa huo unaonekana. Ulipatikana zaidi kwenye nchi za joto na mvua, zilezile zenye malaria nyingi. Leo saratani hiyo ya tezi za limfu inabeba jina lake, na yafaa kukumbukwa kwamba ugunduzi huo ulimjia mtu aliyekuwa nje ya tawi lake.

Hata hivyo Mwafrika aliyetaka ubingwa miaka hiyo ilimlazimu kwenda London au Edinburgh. Huko alifanya kwanza mtihani wa anatomia na fiziolojia, yaani elimu ya maumbile ya mwili na ya utendaji wake, kisha akatumikia wodi za Uingereza kabla ya mtihani wa pili uliomfanya mwanachama wa chuo cha mabingwa. Sebastian Kyalwazi wa Uganda alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa eneo hili kuipitia njia hiyo katika upasuaji. Kasoro ya njia hiyo ilikuwa wazi: mtu alijifunza maradhi ya wazee wa miji ya baridi ili akatibu matumbo yaliyopasuka kwa homa ya tumbo na kina mama waliokwama katika uchungu, na baadhi hawakurudi. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 Makerere ilianzisha shahada ya uzamili ya tiba, ambayo mwanafunzi aliisoma akiwa anahudumia wagonjwa wa nyumbani. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, walimu wengi wa kigeni wakaondoka, na shule ya tiba ya Makerere ikadhoofika kwa miaka mingi.

Tanzania ilifuata mkondo wake. Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963 chini ya Wizara ya Afya, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu, ikiwa Muhimbili, hospitali iliyojengwa katika miaka ya 1950 kwa jina la Binti Mfalme Margaret. Baada ya Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, kipaumbele kilikuwa vijiji, zahanati na vituo vya afya, na bingwa wa mjini alitazamwa kwa jicho la shaka. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba ya binafsi ya kibiashara, marufuku iliyodumu hadi mwaka 1991, hivyo kwa miaka 14 tofauti ya kipato baina ya tawi na tawi ilibaki ndogo. Wakati huohuo nchi ilitegemea kada ya madaktari wasaidizi wa aina mpya: matabibu wenye uzoefu waliorudishwa darasani kwa miaka miwili, ikiwamo miezi ya upasuaji na ya uzazi. Hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa kujifungua katika hospitali za wilaya, na tafiti zilizowalinganisha na madaktari kamili hazikuona tofauti kubwa katika usalama wa mama. Kwa watu waliokatazwa kuitwa mabingwa, huo ulikuwa ubingwa wa kutosha.

Njia ya sasa nchini Tanzania ina miaka 5 ya shahada ya kwanza, mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, kisha shahada ya uzamili ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3 na kudai tasnifu, na juu yake ubingwa bobezi, kama wa moyo au figo. Mwaka wa utarajali ndio wenye uzito kuliko unavyopewa sifa. Daktari tarajali hupitishwa katika idara kubwa nne: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, na magonjwa ya wanawake na uzazi. Humo hukesha, huchoma sindano, hushika mkasi kwa mara ya kwanza na kumwona bingwa anayetamani kufanana naye. Macho, magonjwa ya akili, patholojia na usingizi huyapitia kwa siku chache, pengine hayapitii kabisa. Idara ya usingizi, inayomlaza mgonjwa nusu kaputi na kulinda pumzi yake wakati wa upasuaji, kwa muda mrefu iliachiwa wauguzi na matabibu, na tarajali ambaye hakumkuta bingwa wa fani hiyo wodini hakuwa na sababu ya kuiwaza.

Mwaka 1999 madaktari wa upasuaji wa eneo hili waliunda chuo chao cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi kama COSECSA, ambacho ofisi zake ziko Arusha. Hakina wodi wala kumbi za mihadhara. Mwanafunzi hubaki katika hospitali iliyoidhinishwa, iwe ya rufaa au ya misheni mbali na mji mkuu, akiandika katika daftari kila upasuaji alioufanya au kuusaidia. Baada ya angalau miaka 2 hufanya mtihani wa uanachama, na baada ya mingine 3 mtihani wa ubingwa, katika upasuaji wa jumla au tawi kama mifupa, mkojo, watoto au ubongo. Mitihani huhamishwa kila mwaka kutoka nchi hadi nchi, na watahini hutoka pande zote, hivyo Mtanzania anaweza kusimama mbele ya Mzambia na Mhabeshi akiulizwa namna ya kuzuia damu katika bandama iliyopasuka. Katika miaka ya 2010 vyuo vya mfano huo viliundwa kwa ajili ya tiba ya ndani na kwa ajili ya usingizi.