Sanduku Lililotupa Anuani

Miongoni mwa barua kongwe za Kiswahili zilizosalia ni zile za Kilwa za mwaka 1711, kwa hati ya Kiarabu, ambazo leo zimehifadhiwa Goa. Hazikuwa na stempu wala namba ya nyumba. Aliyezichukua ilibidi ajue anamwendea nani.

Posta ya serikali ilitufikia kwa bahari. Waingereza wa India walifungua ofisi Unguja mwaka 1868, wakaifunga mwaka uliofuata, wakairejesha 1875. Wajerumani wakaweka yao Lamu mwaka 1888, Wafaransa Unguja 1889, kisha Wajerumani tena Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890. Kila bendera na stempu zake, na zote kwanza kwa ajili ya balozi, mfanyabiashara na mmisionari. Ya Uganda ndiyo hunisisimua zaidi: mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alichapa stempu kwa taipureta, bei yake ikahesabiwa kwa kauri. Mtambo wa kuchapia stempu haukuwepo, ila kauri za sokoni zilikuwepo.

Lakini kazi kubwa ya posta kwetu, naamini, ilikuwa kumpa mtu mahali pa kupatikana. Uingereza mpeleka barua alibisha hodi mlangoni. Huku nyumba nyingi hazikuwa na namba na njia za vijijini hazikuwa na majina, basi mtu ndiye aliyeifuata barua. Hapo ndipo zilipopata uzito herufi tatu: S.L.P., yaani Sanduku la Posta. Sanduku moja la chuma, ufunguo mmoja, watu mamia. Kijana aliyekwenda kukata mkonge Tanga aliandika jina la baba yake, akaongeza "kwa mkono wa Mwalimu Mkuu", kisha sanduku la shule. Siku barua ilipofika, mwalimu aliwapa wanafunzi waipeleke, na mara nyingi alikuwa yeye tena wa kuisomea familia: hali yangu ni njema, hofu ni kwenu. Kwa dirisha hilohilo la posta ikaja hawala ya fedha, na ada ikalipwa. Sanduku la shule lilikuwa la kijiji kizima.

Tangu 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na posta yake. Mwaka 1994 Tanzania ikatenga posta na simu, Kenya ikafuata 1999. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, fedha ya nyumbani ikaacha foleni ya dirishani.

Mwaka 2022 Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi, vibao vya mitaa vikasimikwa na milango ikapewa namba. Hata hivyo, mwanafunzi anayefundishwa barua rasmi bado huanzia juu kulia, chini ya jina la shule, na S.L.P., hata kama kwao hakuna aliyewahi kushika ufunguo wa sanduku.