Kuvumbuliwa kwa Mzunguko wa Damu

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba, nawe utauhisi mshipa ukipiga. Kila mwanafunzi ajua leo kwamba mpigo ule watoka moyoni, na kwamba damu huondoka moyoni, huenea mwilini, kisha hurudi ilikotoka. Vitabu vya shule hulieleza jambo hili kwa mistari michache, na mwanafunzi aweza kulikariri kwa siku moja. Lakini wanadamu walikaa takriban miaka 1,400 wakiamini jambo jingine kabisa. Yafaa tujue waliaminije, na ni nini kilichowatoa katika imani hiyo.

Mwalimu wao mkuu alikuwa Galen, mtu aliyezaliwa yapata mwaka 129 katika mji wa Pergamon, ambao magofu yake yamo katika nchi ya Uturuki ya leo. Galen hakuwa mtu mjinga wala mvivu. Katika ujana wake aliwauguza watu waliopigana kwa panga viwanjani ili kuwafurahisha watazamaji, na majeraha yao yalimfunza mengi. Baadaye akawa tabibu wa watawala wa Roma. Kabla yake walikuwapo wataalamu waliodhani kwamba ateri, yaani mishipa itokayo moyoni, hubeba hewa. Galen ndiye aliyethibitisha kuwa hubeba damu. Hata hivyo, katika Roma haikuruhusiwa kupasua maiti ya mtu ili kuichunguza. Kwa hiyo alipasua kima, nguruwe na ng'ombe, akadhani kwamba aliyoyaona ndani yao ndiyo yaliyomo ndani ya mtu.

Galen alifundisha kwamba chakula hugeuka kuwa damu ndani ya ini. Damu hiyo hutoka inini kwa njia ya vena, huenda katika viungo vyote, na huko hutumika ikaisha, kama maji ya mfereji yanavyonywewa na shamba. Sehemu yake nyingine huingia upande wa kulia wa moyo, ikapenya katika vitundu visivyoonekana hadi upande wa kushoto, na huko ikachanganyika na hewa iliyotoka mapafuni. Katika mafundisho hayo damu haikuwa na safari ya kurudi. Kila siku damu mpya ilitengenezwa, na kila siku ilikwisha.

Vitabu vya Galen vilihifadhiwa kwa heshima kubwa. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq na wenzake walivitafsiri kwa Kiarabu mjini Baghdad, na kwa muda mrefu matabibu wa Mashariki na wa Ulaya walivisoma kama neno la mwisho. Mtu wa kwanza tumjuaye aliyelikana waziwazi fundisho la vitundu vya moyo ni Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyefanya kazi Cairo. Mwaka 1242 aliandika kwamba ukuta ugawao moyo ni mnene wala hauna tundu lolote, la kuonekana wala la kutoonekana. Basi damu ya upande wa kulia haina budi kupita mapafuni kabla ya kufika upande wa kushoto. Alisema kweli, lakini maneno yake hayakuenea sana. Ni mwaka 1924 tu ambapo daktari mmoja wa Misri aliyaona katika hati ya kale iliyokuwa Berlin, ulimwengu ukatambua kwamba yalikwisha kusemwa.

Katika Ulaya, kazi ya kumsahihisha Galen ilianza kwa nguvu mwaka 1543. Mwaka huo Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels aliyekuwa akifundisha katika chuo cha Padua, Italia, alitoa kitabu kikubwa cha maumbile ya mwili wa mtu. Desturi ya wakati ule ilikuwa mwalimu kuketi juu akisoma kitabu cha Galen, na mtumishi kuipasua maiti chini. Vesalius alishuka akashika kisu kwa mkono wake. Akaona, kwa mfano, kwamba taya la chini la mtu ni mfupa mmoja, si miwili kama Galen alivyofundisha. Alipoutazama ukuta wa moyo, vitundu hakuviona.

Katika chuo hicho hicho alikuja kufundisha Fabricius, ambaye mwaka 1603 alitoa maandiko juu ya vali zilizomo ndani ya vena. Vali ni mfano wa vilango vidogo vifungukavyo upande mmoja tu. Fabricius aliziona na kuzichora vizuri, lakini hakujua kazi yake. Kwa kuwa aliamini kwamba damu huteremka kutoka inini kwenda viungoni, alidhani vali zimewekwa ili kuipunguza mwendo, isije ikajaa miguuni na mikononi. Macho yake yalikuwa juu ya ushahidi, lakini akili yake ilikuwa imefungwa na kitabu.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana Mwingereza, William Harvey, aliyezaliwa Folkestone mwaka 1578. Harvey alirudi Uingereza mwaka 1602, akawa tabibu katika hospitali ya Mtakatifu Bartholomew, London, na baadaye tabibu wa mfalme. Katika uzee wake alisema kwamba vali zile ndizo zilizomwamsha. Ikiwa vilango hivyo vyote hufunguka kuelekea moyoni, damu iliyomo ndani ya vena yawezaje kwenda viungoni?

Harvey aliwachunguza wanyama wa aina nyingi, kisha akafanya jambo ambalo waliomtangulia hawakulifanya: alipiga hesabu. Alikadiria kiasi cha damu itokayo moyoni kwa kila pigo, akakizidisha kwa idadi ya mapigo ya nusu saa. Hata alipochukua kipimo kidogo kabisa, jibu lilizidi damu yote iliyomo mwilini. Nawe waweza kufanya hesabu hiyo kwa vipimo vya siku hizi. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa kama mililita 70 kwa pigo moja, nao hupiga kama mara 70 kwa dakika. Hizo ni karibu lita 5 kwa dakika, na karibu lita 300 kwa saa, yaani madebe 15 ya lita 20. Ini gani, na chakula gani, viwezavyo kutengeneza damu kiasi hicho kwa saa moja? Haiwezekani. Basi damu ni ile ile, lita 5 hivi tu, izungukayo bila kukoma.

Aliongeza ushahidi wa mkono. Alifunga kitambaa kati ya bega na kiwiko. Kilipokazwa sana, mpigo wa kifundoni ulikoma na mkono ukawa baridi. Kilipolegezwa kidogo, damu ilipata njia katika ateri zilizo ndani, lakini haikuweza kurudi kwa vena zilizo karibu na ngozi, nazo zikavimba chini ya kitambaa.

Kitabu chake kilipigwa chapa Frankfurt mwaka 1628, nacho kilikuwa na kurasa 72 tu. Wengi hawakukipokea. Wagonjwa wake walipungua, na wako waliosema kwamba akili yake imeharibika. Jean Riolan, mwalimu mashuhuri wa Paris, alimpinga, na Harvey alimjibu kwa kuandika mwaka 1649. Lakini pengo moja lilibaki: hakuna aliyeona damu ipitapo kutoka katika ateri kuingia katika vena. Harvey alifariki mwaka 1657 bila kuiona njia hiyo. Miaka minne baadaye, mwaka 1661, Marcello Malpighi wa Bologna alieleza alichokiona kwa hadubini katika mapafu ya chura: mishipa myembamba mno, iitwayo kapilari, inayounganisha ateri na vena. Mduara ukakamilika.

Wazee wetu walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nao hawakukosea. Harvey aliwasikia wakuu wake. Alimsoma Galen kwa makini, na kila mara alimtaja Fabricius kwa heshima. Lakini heshima hiyo haikumzuia kuuliza, kupima na kuhesabu. Aliupokea ugunduzi wa mwalimu wake mahali ulipokomea, akaupeleka mbele. Utakapofunguliwa kitabu cha elimu ya mwili darasani, kisome kwa moyo wa kutii. Kisha weka tena vidole vyako juu ya kifundo cha mkono, utazame saa, uhesabu mwenyewe.